Farasi Bila Mbio: Neno na Mnyama katika Kasongo na Kabambare

Makala haya yanakusudia kueleza sababu zilizofanya neno "farasi" lienee hadi Kasongo na Kabambare pamoja na lugha ya Kiswahili, ilhali mnyama mwenyewe, na mbio zake, hayakustawi huko. Jibu laweza kupatikana kwa kuilinganisha Maniema ya kusini na Nairobi, ambako mbio za Derby zilikuwa shindano la kila mwaka.

Derby ya kwanza ilikimbiwa Epsom, Uingereza, mwaka 1780. Ni mbio za farasi wa umri wa miaka mitatu, na umbali wake ulikuja kuwekwa maili moja na nusu, yaani mita 2,400 hivi za uwanja wa nyasi. Farasi wa mbio hizo ni wa nasaba maalumu iliyoasisiwa na madume watatu kutoka Mashariki, mmojawapo akiwa amenunuliwa Halab, nchini Shamu, mwaka 1704. Basi ulimwengu wa Kiarabu uliowapa Waingereza mnyama ndio uliowapa Waswahili neno, kwani "farasi" latokana na "faras" la Kiarabu.

Neno hilo lilifuata njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, kisha Kabambare hadi Kasongo, alikoweka makao Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, katika miaka ya 1870. Mnyama hakuweza kuifuata njia hiyo. Mwaka 1866 David Livingstone alianza safari yake akiwa na ngamia, nyati, baghala na punda, akitaka kujua kama wangestahimili mbung'o. Karibu wote waliangamia, wengine pia kwa kutendewa vibaya na wasimamizi wao. Alipofika Kabambare mwaka 1869, mizigo yake ilikuwa juu ya watu. Henry Morton Stanley alipopita Maniema mwaka 1876, punda wake waliwashangaza wenyeji, waliokusanyika kuwatazama.

Sababu ya vifo hivyo ilibainishwa na David Bruce mwaka 1895, alipogundua huko Zululand vimelea vya nagana vinavyoenezwa na mbung'o. Punda huustahimili ugonjwa huo kwa kiasi fulani. Farasi hufa upesi.

Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ilikuwa na hewa iliyomfaa farasi. Lakini hewa peke yake haiundi mbio. Walihitajika pia walowezi wenye ardhi, fedha na wasaa. Derby yao ilianza mwaka 1914, na mwaka 1954 mbio zilihamia uwanja wa Ngong. Chini ya ukoloni wenye farasi walikuwa walowezi. Mwafrika alikuwa mtunzaji wa banda.

Kasongo ilitekwa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Pili mwezi Aprili 1893. Watawala wapya walitaka pembe, mpira na kazi, wala si michezo ya nyasini. Mahali ambapo mnyama wa mizigo hakuweza kuishi, bega la mtu ndilo lililobeba mzigo, kwanza wa mfanyabiashara, kisha wa dola. Kwa hiyo, kukosekana kwa farasi Maniema si jambo dogo la mazingira tu. Ni sehemu ya historia ya upagazi na ya mateso yake.

Kwa upande wa lugha, yafaa kukumbuka kwamba neno laweza kuishi mahali ambapo kirejelewa chake hakionekani, na maana yake ikalegea. Katika Kilingala, kwa mfano, "mpunda" hutumika kwa farasi na hata kwa punda. Mtafiti anayekusanya msamiati wa Kiswahili cha Maniema asitosheke, basi, na kuandika kwamba neno "farasi" lipo. Aulize pia ni nani aliyewahi kumwona mnyama huyo, na ni nani aliyebeba mzigo mahali pake.