Pikipiki Iliyolala Chini ya Mkorosho

Katika vijiji vya Newala, kusini mwa Tanzania, kuanzia Kitangari hadi ukingoni kule Shimo la Mungu, ambako uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini, si kazi kuikuta pikipiki iliyotelekezwa. Imeegemezwa kwenye shina la mkorosho au imesukumwa nyuma ya jiko, tairi zimelala, kiti kimechanika, kuku anatagia chini ya tenki. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia imekufa, injini imenoki, anamsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Mara nyingi anakosea. Nyingi ya pikipiki hizo zinaamshika, na sababu ya kuamshika kwake ilianza kupangwa Japani nusu karne iliyopita.

Je, wajua kwamba SanLG, Toyo, T-Better na pikipiki nyingine nyingi za Kichina zilizojaa barabara zetu zina injini ya ukoo mmoja? Babu yao ni Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Kabla ya kuichora, wahandisi wa Honda, Einosuke Miyachi akiwa miongoni mwao, walikwenda kutazama jinsi watu wa nchi kama Thailand, Iran na Pakistan wanavyoitumia pikipiki katika maisha ya kila siku. Walichokiona si kigeni kwetu: mzigo wa kupita kiasi, oili isiyobadilishwa mpaka iwe nyeusi na nzito, chujio la hewa limetolewa na kutupwa. Wangeweza kurudi nyumbani wakaandika kitabu cha maonyo. Wao waliibadilisha injini, na mimi nauheshimu sana uamuzi huo, kwa sababu ulimchukulia mtumiaji kama alivyo.

Mabadiliko yenyewe ni haya. Kila injini ya namna hii ina valvu mbili juu kichwani, moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Valvu hufunguliwa na kemshafti. Katika injini ndogo za Honda za wakati ule kemshafti ilikaa juu, kichwani kwenyewe, ikizungushwa na taimingi cheni. Ni mpango mzuri kwa mwendo kasi, lakini huko juu ndiko oili hufika kwa tabu. Oili ikipungua au ikichoka, kemshafti inaanza kukila kichwa cha alumini, na kichwa kikishaliwa, gharama ni kubwa. Katika CG kemshafti ilirudishwa chini, karibu na oili inapokaa, ikazungushwa kwa gia, kisha fito mbili nyembamba zikapewa kazi ya kupeleka msukumo juu kwenye valvu. Fito hizo ndizo pushirodi. Wapenzi wa mbio waliona teknolojia hiyo imepitwa na wakati. Lakini injini ikawa haina taimingi cheni ya kulegea, na sehemu inayohitaji oili kuliko zote ikawa jirani na oili. Hata chujio la oili la kununua halimo. Kuna wavu wa kuosha, na kikombe kinachozunguka kwa kasi na kuutupa uchafu pembeni mpaka fundi atakapokifungua na kukifuta.

Brazili iliipokea mwaka huohuo wa 1976, ikatengenezwa Manaus, katikati ya msitu wa Amazoni, na Pelé mwenyewe akaitangaza. Pakistan inaitengeneza hadi leo, sura ikiwa karibu ileile ya zamani. Wachina wakaiiga, wakaiiga tena, mpaka ikawa injini ambayo kila kiwanda kinaweza kuitoa na kila duka la spea linaweza kuiuza.

Ukitaka kuijua injini yenyewe, futa matope ubavuni mwa injini usome namba iliyogongwa pale. Ukiona 156FMI, tarakimu ya 1 inasema silinda ni moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa na upepo, M ni pikipiki, na I ni ujazo wa sentimita za ujazo 125. Ikiwa ni 162FMJ, silinda imetanuliwa hadi milimita 62 na ujazo ni 150. Boxer na TVS za Kihindi ni ukoo mwingine. Hizo kemshafti zake ziko juu na zinazungushwa na cheni, kwa hiyo huamshwa kwa uangalifu zaidi.

Sasa kwa nini zinalala? Jibu la kwanza ni kalenda ya korosho. Fedha huingia Newala kati ya Oktoba na Januari, minada ikiendelea, na pikipiki nyingi hununuliwa wakati huo. Msimu wa 2017/18, bei mnadani ilipofika shilingi 4,000 kwa kilo, ulikuwa wa neema. Uliofuata wanunuzi binafsi waligoma kupandisha bei, Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Mkulima anaishi katikati ya mawimbi hayo. Kifuku kikifika mfuko ni mtupu, klachi inaisha au ringi zinakatika, na pikipiki inasukumwa kivulini kusubiri msimu ujao. Msimu ujao una ada za shule na bati za nyumba. Mwaka unapita, wa pili unapita.

Jibu jingine ni ardhi yenyewe. Udongo wa uwanda huu una mchanga mwingi, na punje ya mchanga, kwa asili yake ya kwazi, ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Pikipiki isiyo na chujio la hewa inavuta vumbi hilo moja kwa moja, linachanganyika na oili na kuwa msasa unaosaga ringi kila pistoni inapopanda na kushuka. Ongeza kazi yenyewe: maji hapa yako mbali chini, na pikipiki inayopandisha dumu nne za lita 20 kutoka bondeni inabeba kilo 80 kabla hujamhesabu dereva.

Halafu kuna salfa. Kuanzia Juni wakulima huipuliza mikorosho yao dhidi ya ubwiri unga, na unga ule wa njano hutua juu ya kila kitu kilicho chini ya mti. Salfa ikikaa juu ya shaba hugeuza uso wake kuwa mweusi, na utando huo mweusi haupitishi umeme vizuri kama shaba safi. Kwa hiyo pikipiki iliyolala chini ya mkorosho uliopulizwa mara nyingi ina waya zima ambazo maungio yake yamekufa, na fundi asiyejua hilo atauza koili na sidiai (kifaa cha kuwashia cheche) mpya bila sababu. Kikwanguo na dakika kumi zingetosha.

Kuamsha kwenyewe kunaanza kwa subira. Wamakonde wa uwanda huu hufuata ukoo upande wa mama, kwa hiyo mali ya mjomba ina uzito wake, na si ajabu kijana kufika kijiweni kwa fundi akiisukuma pikipiki aliyoachiwa.

“Shikamoo, fundi. Hii ya mjomba, mwaka wa tatu haijawaka.”

“Marahaba, mwanangu. Umeipiga kiki?”

“Nimeirukia mpaka mguu umevimba. Kiki haishuki kabisa.”

“Basi usiiguse tena. Nipe spana ya plagi.”

Kiki isiyoshuka maana yake pistoni imeganda. Ringi za chuma zimeshikana kwa kutu na ukuta wa silinda, na ukilazimisha, ringi inavunjika au meno ya kiki yanang’oka. Fundi anafungua plagi, anamimina vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, kisha anaiacha. Usiku mmoja, pengine siku nne. Mchanganyiko unapenya taratibu kati ya ringi na kutu. Baadaye anaweka gia ya juu kabisa na kulitikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo. Gia ya juu ina sababu: ndani yake gurudumu likizunguka mara moja injini inazunguka mara chache kuliko katika gia nyingine, kwa hiyo nguvu ya mkono inafika kwenye kranki ikiwa kubwa zaidi. Sauti ndogo ya kuachia ikisikika, kazi ngumu imekwisha. Kama ukuta wa silinda umechimbika, bado upo ukombozi, kwani silinda ni ya chuma na inaweza kukerezwa na kuvishwa pistoni pana zaidi kwa robo milimita, nusu, robo tatu, hadi milimita nzima. Siku hizi wengi hununua seti nzima ya silinda na pistoni, maana ni rahisi kuliko safari ya kutafuta mashine ya kukereza.

Kabureta ndiyo inayodanganya watu kuliko kifaa kingine. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowaka haraka, huruka kwanza. Vinavyobaki vinaungana na oksijeni ya hewa na kuwa gundi ya kahawia. Gundi hiyo inaziba jeti ndogo, yenye tundu la chini ya nusu milimita, na bila jeti hiyo injini haiwezi kuwaka na kubaki ikinguruma taratibu. Pikipiki nyingi zilizotangazwa kufa zimezibwa tundu hilo tu. Usilizibue kwa waya wa chuma, litapanuka na pikipiki itakunywa petroli milele. Uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme unatosha, kisha upepo wa pampu.

Tenki nayo ina siri yake. Mchana hewa ndani hupanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa ya nje, na juu ya uwanda huu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, hewa ya alfajiri ina ukungu. Unyevu unaganda ndani ya bati, kutu inaanza, na vumbi lake linakwenda kuziba kabureta uliyoisafisha jana. Ndiyo maana tenki husafishwa kwanza: kokoto safi au kipande cha cheni ndani, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha asidi ya siki au ndimu ilale humo siku moja au mbili, isuuzwe kwa maji ya magadi ili asidi ife, na tenki ikaushwe juani papo hapo. Ikichelewa kukauka, kutu inarudi kabla ya jioni.

Cheche ni habari njema. Pikipiki nyingi za ukoo huu hazihitaji betri ili kuwaka. Sumaku zinazozunguka pembeni mwa kranki zinazalisha umeme wa sidiai moja kwa moja, na sumaku haiozi kwa kulala miaka mitatu. Weka plagi juu ya pezi za kichwa, piga kiki, tazama. Ikitoa cheche ya buluu, umebakiza petroli, hewa na kurekebisha tapeti za valvu, ambazo nafasi yake ni karibu milimita 0.08. Kazi hiyo hufanyika kwa kufungua mfuniko mdogo, na hiyo pia ni zawadi ya wale waliochora.

Breki zisisahaulike kwa furaha ya kusikia injini ikinguruma. Mteremko wa kwenda bondeni hauna huruma, na breki shuu iliyokaa miaka hubanduka kwenye chuma chake. Hapo kuna jambo ambalo watu wachache wa Newala huambiwa. Ganda la korosho lina mafuta makali, yaleyale yanayounguza vidole vya wabanguaji. Viwandani mafuta hayo hugandishwa na kusagwa, na unga wake huchanganywa katika vitambaa vya breki na klachi kwa sababu unastahimili joto la msuguano. Korosho yetu nyingi huuzwa ikiwa na ganda, kwenda India na Vietnam. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba breki shuu unayoinunua dukani Newala ina kitu kilichoota Newala.

Uwanda huu una mashine nyingine zilizolala. Miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho, Newala na Masasi vikiwemo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Vingi vikafungwa kwa miaka mingi. Sababu zake ni nyingi, za bei na za uendeshaji, lakini naiona pia tofauti hii: mtambo ule spea yake ilitoka nje na ujuzi wake ulitoka nje, ilhali kijana wa Luchingu, hapa Newala, anaifungua 156FMI kwa spana chache na kuifunga tena kabla ya magharibi. Nikisikia mipango ya mashine mpya kwa wakulima wa kusini, swali langu la kwanza ni nani ataifungua itakapogoma, na kwa spana gani.

Si kila iliyolala inafaa kuamshwa. Fremu iliyopinda kwenye ajali itakula tairi na kumwaga abiria hata injini ikiwa mpya, na ufa shingoni mwa fremu, pale usukani unapoingia, hauchomelewi na kuaminiwa. Tena kuna kadi ya usajili. Pikipiki hupita mikono mitano bila jina kubadilishwa, na nyingine zilitelekezwa kwa sababu ziliibwa. Fundi mwaminifu huisoma namba ya fremu na kuilinganisha na kadi kabla hajashika kitu. Akikuta namba imekwanguliwa, anamrudishia aliyeileta bila kufungua hata plagi.