Je, Wajua? Barabara Nayo Huvuta Gari

Barabara hujengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yakimbilie mitaroni. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto, gari zima kabisa huelekea kidogo upande huo. Basi dereva wa Nyakitonto, kabla ya kulipia alaimenti Kasulu au Kibondo, atafute kwanza kipande tambarare kisicho na magari, ajaribie gari lake hapo.

Bado linavuta? Pima upepo matairi yakiwa baridi, maana tairi lenye upepo mdogo huvutia kwake. Upepo ukiwa sawa, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto (yenye mshale wa mzunguko yaache). Mvuto ukihama upande, tatizo ni tairi. Usipohama, ndipo alaimenti na tairodi zikaguliwe.

Baada ya mwendo, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Joto kali upande mmoja huonyesha breki isiyoachia. Na gari likivuta kulia pale tu unapokanyaga breki, mara nyingi ya kushoto ndiyo haishiki. Hilo lisisubiri hata kesho, hasa kwa anayeteremka milima ya Kigoma wakati wa masika.