Gawio la Hisa: Usihesabu Mwaka Mmoja

Habari za hisa si za watu wa mjini tu siku hizi. Hata huku Kibara, mtu aliyeuza pamba au dagaa husikia redioni kwamba kampuni fulani imetoa gawio kubwa, naye huuliza: Je, nikiweka fedha zangu huko nitapata ada ya mtoto kila mwaka? Swali hilo ni jema, ila jibu lake lataka hesabu kidogo.

Anayenunua hisa amenunua sehemu ya kampuni. Kampuni ikipata faida, wakurugenzi hupendekeza kiasi cha kugawa, na mkutano mkuu wa wanahisa hukipitisha. Hicho ndicho gawio. Si riba, wala si deni. Faida ikipungua, gawio nalo laweza kupungua, au lisitoke kabisa.

Tutazame benki ya CRDB. Wazee wa vyama vya ushirika waijua tangu ilipokuwa benki ya ushirika na maendeleo ya vijijini, kabla ya mageuzi ya mwaka 1996. Iliingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, na mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja. Tuseme mtu alichukua hisa 1,000, akatoa shilingi 350,000. Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 17 kwa hisa, yaani 17,000 kwa hisa zake zile. Gawanya 17 kwa 350, kisha zidisha kwa 100: kila shilingi mia imezaa karibu shilingi 5. Hicho ndicho kiwango cha gawio.

Sasa tazama yaliyofuata. Gawio la mwaka 2016 lilikuwa shilingi 10, na la mwaka 2017 shilingi 5 tu. Yule aliyepata 17,000 sasa alipata 5,000, na hakuna shule iliyompunguzia ada kwa sababu hiyo. Mwaka 2018 likawa 8, mwaka 2019 likarudi 17. Kisha likapanda: 22, 36, 45, 50, hata la mwaka 2024 likafika shilingi 65. Aliyevumilia alipata 65,000, zaidi ya shilingi 18 kwa kila mia aliyotoa. Aliyeuza hisa zake mwaka ule wa shilingi 5 kwa sababu alihitaji ada, hayo hakuyaona.

Kuna mtego mwingine. Anayenunua leo sharti ahesabu kwa bei ya leo, si ya mwaka 2015. Mfano wa kubuni: gawio ni shilingi 50 na hisa yauzwa 500, kiwango ni 10 kwa mia. Bei ikianguka mpaka 250, kiwango chaonekana kuwa 20 kwa mia! Gawio halikuongezeka hata senti moja. Ukimkuta mnadani ng'ombe wa maziwa akiuzwa nusu ya bei, hutaridhika na habari za maziwa ya jana. Utamtazama meno, miguu na macho, na utamwuliza mwenyewe mbona anamwuza rahisi. Hali kadhalika, ukiona kiwango kikubwa mno, uliza kwanza kama bei imeanguka, au kama gawio lile lilikuwa la mara moja tu, labda kwa sababu kampuni iliuza mali yake. Uliza pia faida ya mwaka kwa hisa moja. Kampuni inayogawa zaidi ya faida yake yala mbegu.

Takwimu hizi zimo katika taarifa za mwaka za kampuni, na dalali wa hisa aweza kukuonyesha za miaka mingi. Mwulize pia siku ya kufunga daftari la wanahisa, kwani anayechelewa kununua hapati gawio la mwaka huo. Kampuni zilizo sokoni hukata kodi ya shilingi 5 kwa kila mia kabla ya kulipa. Tena, nyingi hulipa baada ya mkutano mkuu, katikati ya mwaka, hali shule hufunguliwa Januari.

Na majina! Jina la daftari la hisa na la kitambulisho yawe sawasawa, herufi kwa herufi. Mwenye hisa akifariki, warithi watayahitaji hayo kabla ya kulipwa chochote.