Saksafoni unayoisikia wewe siyo wanayoisikia wenzako

Niweke wazi kwanza: mimi si mwanamuziki. Nina miaka 28, nina shahada ya uzamili ya fizikia, na hadi Machi mwaka jana ala pekee niliyowahi kupuliza ilikuwa filimbi ya plastiki ya shule ya msingi. Kilichobadilisha mambo ni saksafoni moja ya alto iliyokuwa imelala kwenye boksi lake, ndani ya stoo ya bendi ya matarumbeta ya kanisa letu kule Marangu. Mpigaji wake alikuwa amehamia mkoa mwingine na hakuna aliyeigusa tena. Nikaomba niazimwe. Kiongozi wa bendi, mzee ambaye sote tunamwita Babu, akakubali kwa sharti moja: ibada ya alfajiri ya Krismasi nisimame kwenye mstari na wenzangu nipige. Nikishindwa, ala inarudi stoo apewe kijana mwingine.

Miezi tisa, basi. Na mimi naishi Dar es Salaam, Babu yuko mlimani. Tukaelewana kwamba kila Jumapili jioni nitajirekodi kwa simu dakika mbili na kuziweka kwenye grupu la WhatsApp la bendi. Sikujua kwamba hizo dakika mbili ndizo zingekuwa shule yangu.

Rekodi ya kwanza ilinishtua. Nilipokuwa napiga nilisikia sauti nene, yenye joto, inayojaza chumba. Nikabonyeza kusikiliza: mbuzi. Mbuzi mwembamba, mwenye haraka, ambaye kila akipanda noti za juu anazidi kupanda hata pale asipotakiwa. Nikadhani simu yangu ni mbovu. Nikaazima ya mwenzangu wa chumbani. Mbuzi yuleyule.

Sauti inayopita kwenye meno

Ili uelewe mbuzi alitoka wapi, tuangalie kwanza ala yenyewe. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi wa Kibelgiji, aliyepata hataza yake Ufaransa mwaka 1846. Imetengenezwa kwa shaba, lakini haihesabiwi pamoja na tarumbeta. Inahesabiwa pamoja na filimbi na klarineti, kwa sababu kinachoanzisha sauti si midomo ya mpigaji bali kipande chembamba cha tete, wapigaji hukiita ridi, kilichofungwa chini ya kipande cha kupulizia. Ukipuliza, ridi inafunga na kufungua njia ya hewa mamia ya mara kwa sekunde, na hewa iliyomo ndani ya bomba inatikisika kwa kufuata urefu wa bomba. Ukifungua matundu, bomba "linafupishwa" na noti inapanda.

Sasa angalia mpigaji anavyoishika. Meno ya juu yanakaa moja kwa moja juu ya kipande cha kupulizia. Yaani kitu kinachotikisika kwa nguvu kimegusana na fuvu lako. Mtikisiko unapita kwenye meno, unaingia kwenye mfupa, na unafika sikio la ndani bila kupitia hewani kabisa. Ukitaka kuhakikisha njia hii ipo, ziba masikio yote mawili kwa vidole halafu tafuna karanga za kukaanga. Kelele utakayoisikia jirani yako haisikii. Ni sababu hiyohiyo inayokufanya uchukie ujumbe wako wa sauti ukiusikiliza: kila siku unasikia sauti yako kupitia hewa pamoja na mfupa, na mfupa hubeba vizuri zaidi sehemu nzito za sauti. Simu inasikia hewa tu.

Kuna jambo lingine. Sehemu kali za sauti ya saksafoni, zile zinazoipa ung'avu au ukwaruzaji, hutoka zaidi kuelekea mbele. Wewe mpigaji uko nyuma. Msikilizaji aliye mbele yako anapata ukwaruzaji wote. Wewe unapata kidogo, na juu yake unamwagiwa mvumo mtamu wa kwenye mifupa. Si ajabu nilijiona bingwa.

Na bado hatujafika kwenye ubongo. Unapokusudia kupiga noti fulani, ubongo hutabiri sauti itakayotokea kabla haijatokea, kisha hupunguza uzito wa sauti uliyoitoa mwenyewe. Ongeza kwamba anayeanza ana shughuli nyingi kwa pamoja: pumzi, vidole, midomo, karatasi ya nota. Umakini unaobaki kwa ajili ya kusikiliza ni makombo. Kwa hiyo mara nyingi unasikia ulichokusudia, siyo ulichopiga.

Hata hivyo simu nayo si hakimu wa haki kabisa. Kipaza sauti chake ni kidogo, na ukiiweka karibu inazidiwa na sauti inakatika juu. Simu nyingi pia hujirekebishia zenyewe: ukipiga kwa nguvu inashusha, ukipiga polepole inapandisha, hivyo tofauti ya nguvu uliyoihangaikia inapotea. Mimi huiweka mita mbili au tatu mbele yangu, na ninaiamini kwa mambo mawili tu: je, noti iko mahali pake, na je, ninakwenda na mwendo? Kuhusu uzuri wa sauti yenyewe, hapo sibishani na simu wala siikubali.

"Unakaba"

Wiki ya tano nilituma wimbo mmoja mzima. Binamu zangu walio kwenye grupu wakamwaga moto na makofi: "Dada unatisha!" Babu akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde sita. "Marahaba mjukuu wangu. Vidole vinakwenda. Ila ukipanda juu unakaba."

Unakaba. Nikafungua programu ya kupimia noti nikaicheza rekodi tena. Kweli bwana: noti za chini sindano imetulia katikati, lakini mara tu ninapobonyeza kitufe cha oktava sindano inalala upande wa juu na haishuki.

Hapa fizikia inafurahisha. Ndani yake saksafoni ina umbo la pia, kama kile kikaratasi cha kufungia karanga: nyembamba mdomoni, pana mwishoni. Hewa ndani ya umbo hilo inaweza kutikisika kwa namna kadhaa, na namna ya pili ina kasi mara mbili ya ile ya kwanza, yaani oktava moja juu. (Klarineti, ambayo bomba lake lina upana uleule karibu urefu wote, inaruka hadi mara tatu, ndiyo maana vidole vyake ni vigumu zaidi kukariri.) Kitufe cha oktava hufungua tundu dogo sana upande wa juu wa bomba. Tundu hilo linaivuruga namna ya kwanza ya mtikisiko, hewa inahamia ile ya pili, na noti inaruka. Kazi yote imefanywa na tundu. Lakini anayeanza haamini. Anaona "juu" maana yake ni kutumia nguvu, kama anayenyanyua ndoo, basi anabana meno na midomo. Ridi ikibanwa inakosa nafasi ya kucheza, na noti inapanda kupita mahali pake. Kukaba kwenyewe ndiko huko.

Tatizo ni kwamba huwezi kuonyeshwa hili kwa kidole. Mwalimu anaona mashavu yako. Haoni ulimi wala koo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha kwenye jarida la Science vipimo vya kinachotokea ndani ya koo la mpigaji wakati anapiga. Waligundua kwamba wapigaji wazoefu, wanapopiga noti za juu kabisa zinazopita upeo wa kawaida wa ala, hurekebisha umbo la koo na kinywa ili mvumo wa humo ulingane na noti wanayoitaka. Wasio na uzoefu hawakufanya hivyo, na noti hizo hawakuzipata. Wapigaji wengi hawawezi hata kukueleza wanachokifanya. Koo lilijifunza kwa kufuata sikio. Kama sikio lenyewe linadanganywa na meno, koo litajifunza nini?

Nilitumia wiki tatu kupiga noti moja ndefu, kubonyeza kitufe cha oktava na kukiachia, bila kubadilisha chochote mdomoni. Inachosha. Na majirani wa hosteli hawakuwa na uvumilivu, kwa hiyo nikahamia kando ya uwanja wa mpira saa za jioni. Nilijifariji kwa Sonny Rollins, ambaye mwaka 1959, akiwa tayari na jina kubwa, aliacha kupiga hadharani akawa anafanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, hadi 1961. Yeye alikimbilia darajani ili asisumbue watu. Mimi pia, ila mimi nilikuwa nasumbua kwa sababu tofauti.

Ile ya kwanza, siyo ya arobaini

Watu wengi wameniuliza kama umri haujapita. Swali hilo lina msingi. Mwaka 1995 Gottfried Schlaug na wenzake walionyesha kwamba wanamuziki walioanza kabla ya miaka 7 walikuwa na daraja nene zaidi la neva linalounganisha pande mbili za ubongo. Hilo sitalipata. Lakini mwaka 2004 kikundi cha watafiti nchini Ujerumani kiliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu, kikapiga picha za ubongo kabla na baada. Sehemu zinazohusika na kufuatilia vitu vinavyotembea ziliongezeka. Walipoacha mazoezi zikapungua tena. Ubongo wa mtu mzima unabadilika, ila unataka ulipwe kila wiki. Kwa maoni yangu kinachotushinda watu wazima ni aibu kuliko neva. Mtoto akitoa sauti ya mbuzi anacheka. Mimi nilianza kudanganya.

Ndiyo, nilidanganya. Nilikuwa narudia wimbo mara thelathini, arobaini, halafu natuma ile moja iliyokaa vizuri. Pongezi zikaongezeka. Babu akashtuka. Akapiga simu kabisa: "Hii umepiga mara ngapi?" Nikamwambia ukweli. "Nitumie ile ya kwanza, siyo ya arobaini. Krismasi hatutakuwa na arobaini."

Sidhani kama Babu amesoma saikolojia, lakini yuko sawa nayo. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja hadi ukaisha ndipo likaenda mwingine; kundi la pili lilichanganya. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Ule ufasaha wa mara ya arobaini ni wa saa ile tu. Kesho asubuhi haupo. Toka siku hiyo nikawa nachanganya nyimbo nne, narekodi jaribio la kwanza la siku, na kulituma lilivyo.

Makofi yakapungua kwenye grupu, na iliniuma zaidi ya nilivyotarajia. Nikaja kukutana na kazi ya Avraham Kluger na Angelo DeNisi ya mwaka 1996, waliokusanya tafiti nyingi kuhusu kumpa mtu mrejesho. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapitia utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unaovuta mawazo yako kwako mwenyewe, kama unasifiwa au unadharauliwa, unayaondoa kwenye kazi iliyo mbele yako. "Unatisha" ilinifanya niwaze kuhusu mimi. "Unakaba" ilinifanya niwaze kuhusu midomo.

Krismasi ikafika. Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mtu wa fizikia hapaswi kulisahau. Sauti husafiri taratibu zaidi kwenye hewa baridi: kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka, kasi inapungua kwa takriban mita 6 kwa sekunde, kati ya mita 340 na kitu. Inaonekana kidogo, lakini inatosha kushusha ala kwa karibu theluthi ya hatua kati ya noti mbili zinazopakana kwenye kinanda. Pumzi yako hupasha bomba joto na kufidia kiasi, ila siyo lote. Miezi tisa nilikuwa nimezoea alama yangu ya kalamu kwenye kizibo, ya joto la Dar es Salaam. Alfajiri ile Marangu, kabla hata ya wimbo wa kwanza, Babu alinisikia napiga noti moja, akaja akasukuma kipande cha kupulizia kwa ndani kiasi cha upana wa ukucha, akarudi mahali pake bila kusema neno.

Kati ya nyimbo nne nilipiga tatu. Kwenye ule wa nne Babu alinyanyua kiganja kuelekea kwangu, maana yake pumzika, nikapumzika. Saksafoni haikurudi stoo.

Binamu yangu alirekodi ibada nzima akiwa amekaa mbali, kwenye mabenchi ya nyuma. Nimeisikiliza mara nyingi. Mbuzi bado yupo, kwa mbali, kwenye kiitikio cha wimbo wa pili, pale tunapopanda. Nilikata sekunde ishirini za sehemu hiyo nikaziweka kwenye grupu na kuuliza nimekosea wapi. Alama mbili za bluu nimeziona. Babu hajajibu.