Mzazi anapofunguliwa faili ya mwanawe hospitalini

MTOTO anapolazwa hospitalini, madaktari hubadilishana zamu na wauguzi huja na kuondoka. Anayebaki kando ya kitanda usiku na mchana ni mzazi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mzazi huyo ndiye amekuwa wa mwisho kujua yaliyoandikwa katika faili ya mwanawe.

Nchini Marekani, hali hiyo imebadilika kutokana na tovuti za taarifa za wagonjwa. Mzazi hufungua tovuti hiyo kwa neno la siri, akaona dawa anazopewa mtoto, majibu ya maabara na majina ya wahudumu wake. Aidha, anaweza kuwaandikia wahudumu hao swali bila kungoja daktari apite wodini.

Hospitali moja ya watoto mjini Madison, jimbo la Wisconsin, ilianza kuwakabidhi wazazi vishikwambi vya kusomea taarifa hizo mwishoni mwa 2014. Katika miezi sita, wazazi 296 waliitumia huduma hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa asilimia 90 ya waliohojiwa waliridhika, na kwamba walichokipenda zaidi ni kuona majibu ya maabara mara tu yanapotoka.

Lakini takwimu yenye uzito mkubwa zaidi ilikuwa ndogo: asilimia 8 ya waliohojiwa walisema waligundua kosa katika orodha ya dawa za mtoto wao.

Si ajabu. Kipimo cha dawa nyingi za watoto hukokotolewa kulingana na uzito wa mwili. Uzito ukinakiliwa vibaya, au nukta ikiandikwa mahali pasipofaa, mtoto anaweza kupewa dawa nyingi kupita kiasi. Mzazi ndiye ajuaye dawa alizokuwa akimpa mtoto nyumbani, na ile iliyowahi kumdhuru. Akiiona orodha, huwa jicho la ziada.

Hata hivyo, mpango huu una changamoto zake. Tangu Aprili 2021, kanuni za sheria ya Marekani ya mwaka wa 2016 zinawazuia wahudumu wa afya kuchelewesha taarifa za wagonjwa bila sababu maalumu. Matokeo yake ni kwamba mzazi anaweza kusoma habari za ugonjwa mbaya akiwa peke yake, kabla daktari hajafika kumfafanulia.

Suala jingine ni siri za vijana. Hospitali nyingi nchini humo hupunguza yale ambayo mzazi anaweza kuyaona mtoto anapofikia umri wa miaka 12 au 13, ili kijana aweze kuzungumza na daktari kwa uhuru. Isitoshe, mzazi asiyekifahamu Kiingereza, au asiyeelewa istilahi za kitabibu, hafaidiki sana hata akifunguliwa kurasa zote.

Humu nchini, wazo la mzazi kushika rekodi ya mtoto si geni. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, chenye chanjo na uzito, hukaa nyumbani na hubebwa kila mara mtoto anapopelekwa kliniki. Mtoto akilazwa, taarifa za matibabu huhamia katika faili ya wodi.

Ingawa hivyo, sheria haimfungii mzazi mlango. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zilizohifadhiwa na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe. Haki za mtoto hutekelezwa kwa niaba yake na mzazi au mlezi. Nayo Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023 iliweka msingi wa mfumo mmoja wa kitaifa wa taarifa za afya.

Mzazi hahitaji kungoja mitambo, basi. Anaweza kuuliza leo: Mtoto ameandikiwa uzito gani? Dawa hii ni ya nini, na kipimo chake ni kipi? Majibu ya maabara yanasemaje? Ayaandike majibu hayo daftarini, na ayalinganishe na yale anayoyaona kitandani.