Samaki wa mapambo: mtaji hupotelea tumboni

Gasorwe, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga hadi 2025, ni eneo la vilima. Ziwa liko mbali, na samaki anayefahamika zaidi huko ni ndagala aliyekaushwa. Hata hivyo, barabara inayopanda kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, kisha mpaka wa Kobero na Kabanga, ni njia pia ya mtu anayetaka kufikisha Tanzania kwa nchi kavu samaki wa aina nyingine: yule wa kuwekwa kwenye tangi la kioo na kutazamwa.

Biashara hiyo si ngeni Burundi. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hai wa Ziwa Tanganyika kwenda ng'ambo tangu miaka ya 1970, na mmoja wao, Tropheus brichardi, akapewa jina lake. Jamii hiyo ya Tropheus hupendwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa rangi zake. Ndiyo pia inayosifika kwa kufa ghafla kwa ugonjwa wa tumbo.

Sababu iko kwenye maumbile yake. Ziwani, Tropheus hushinda akikwangua utelezi wa kijani juu ya mawe. Utumbo wake ni mrefu na umejikunja mara nyingi, kwa kuwa majani huchelewa kusagika. Akipewa nyama, minyoo au chakula chenye mafuta mengi, kile chakula hukaa humo muda mrefu mno na tumbo huvurugika. Msongamano na kupigana wao kwa wao huzidisha hali hiyo, kwani samaki aliyeonewa hupoteza kinga. Chakula kinachomfaa ni cha mboga, kama vile spirulina, kidogo kidogo.

Dalili ya kwanza ni ndogo na wengi huipuuza: samaki anatia chakula mdomoni kisha anakitema. Baadaye hujitenga pembeni, kinyesi chake kinakuwa cheupe na chembamba kama uzi, anahema haraka. Tumbo likishavimba, mara nyingi muda umekwisha. Anayemtibu siku ile ya kutema chakula ndiye anayemwokoa.

Tiba huanza kwa kuacha kulisha na kubadilisha sehemu ya maji. Wafugaji wengi hutumia metronidazole, dawa ileile ambayo watu hupewa kwa amiba, kwa kipimo cha kama miligramu 250 kwa lita 40 za maji, na kuirudia kila baada ya kubadilisha maji. Wengine huongeza chumvi ya haluli, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, ili kulegeza tumbo. Hapa lazima tahadhari itolewe kwa wanaouza pia sato wa kula: dawa hii isiguse kabisa samaki wa chakula. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwa mifugo yote ya kuliwa.

Samaki wa dhahabu, anayekula kila kitu, ana nafuu. Huyo mara nyingi hufunga choo tu, akaelea kiubavu. Njegere iliyochemshwa, ikamenywa ganda na kupondwa, humfungua bila dawa.

Tumbo hilohilo ndilo linaloamua safari. Samaki aliyeshiba hunya ndani ya mfuko, na kinyesi huleta amonia. Kwa hiyo asilishwe siku moja au mbili kabla ya kufungwa kwenye mfuko wa maji uliojazwa oksijeni, ndani ya boksi lisilopitisha baridi ya milimani.

Kosa kubwa ni kusimama njiani, tuseme hapo Gasorwe, na kufungua mfuko ili kuona wanaendeleaje. Kadiri samaki wanavyohema, kaboni dayoksaidi hujaa majini na kupunguza makali ya amonia. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, maji yanarudi kwenye hali yake ya Tanganyika, yenye pH karibu 9, na amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu. Samaki waliovumilia saa nyingi hufa kwa dakika chache, na mwenye mali hulaumu barabara. Kuwatazama kupitia plastiki kunatosha.

Kuhusu mifuko yenyewe, Tanzania ilizuia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 1, 2019. Ni vyema kuulizia forodhani mapema kuhusu vifungashio, pamoja na cheti cha afya cha samaki hai, kuliko kubishana kizuizini huku maji yakipoa.

Wakifika, mfuko uelee kwenye tangi bila kufunguliwa mpaka joto lilingane, kisha samaki watolewe upesi kwa wavu na maji ya safari yamwagwe. Chakula cha kwanza ni kesho yake, nacho kiwe cha mboga, kwa kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili.