Unanunua Nini Unapoweka Breki Kubwa?

Hilux ya zamani inayobeba mananasi ya Kiwangwa au samaki wa Bagamoyo ikianza kusimama kwa shida, ushauri husikika upesi: badilisha breki za mbele, weka kalipa kubwa na diski nene. Ushauri huo una maana yake. Ila mwenye gari ajue kwanza anachokilipia.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la tani 2.5 likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa huzalisha joto la takriban kilojuli 617. Kutoka 50, ni 240 hivi. Diski nene yenye matundu ya hewa katikati hulihimili joto hilo na kulitoa haraka. Lakini mwisho wa yote, kinacholishikilia gari barabarani ni tairi. Kama breki za zamani, zikiwa nzima, zinaweza kulibana tairi mpaka lisizunguke, kalipa kubwa haitakusimamisha karibu zaidi. Unachonunua ni uwezo wa kustahimili joto.

Sasa tuitazame barabara. Kutoka Bunju hadi Bagamoyo, kupitia Mapinga, Kerege na Zinga, hakuna mteremko wa kuchosha breki. Gari hilohilo likipita Msata na kupanda Lushoto, hesabu ni nyingine. Kurudi Mombo, chini ya milima, ni kushuka karibu mita 1,000, na tani 2.5 zikishuka hivyo huachia megajuli 24 na zaidi: sawa na kusimama mara 40 kutoka kilomita 80. Gia ndogo hubeba sehemu, breki hubeba nyingine. Hapo diski za matundu zinastahili kila shilingi.

Huku pwani adui ni chumvi na unyevu. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa mafuta mapya ya daraja la DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, ni 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na pedeli huzama bila breki kushika. Pistoni za kalipa nazo huota kutu zikaganda, mipira ya breki huvimba kwa ndani. Kwa hiyo naanza hapa: mipira mipya, kalipa zifunguliwe na kuwekwa sili mpya, mafuta yote yabadilishwe, upepo utolewe. Gari nyingi za Bagamoyo zitatosheka na hilo, na gharama ni ndogo mno kuliko ya kubadilisha mfumo.

Anayebadilisha kweli asome alama kwenye mwili wa kalipa. Kwenye Hilux na 4Runner, S12W ni ya diski pana yenye matundu. Huwezi kuhamisha kalipa bila diski yake. Pistoni kubwa hudai mafuta zaidi, kwa hiyo masta silinda ndogo itafanya pedeli iende chini sana. Rimu nayo ijaribiwe kabla ya fedha kutoka, isije ikagusa kalipa.

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi halikaguliwi. Hilux nyingi zina vali inayopima mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli ya nyuma: gari likizama, vali hupeleka nguvu zaidi nyuma. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili abebe zaidi, gari halizami tena. Vali hudhani gari liko tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu, huku za mbele zikibeba karibu kazi yote hadi zichemke. Kisha zinalaumiwa kwamba ni ndogo. Fundi arekebishe fimbo ya vali hiyo kulingana na springi mpya, gari lijaribiwe tupu na likiwa na mzigo mahali pasipo na watu, na magurudumu ya nyuma yasigande kabla ya yale ya mbele. Bei ya kalipa iulizwe baada ya hapo.